Kabla Hujalipia Laptop: Majibu kwa Wasomaji wa Dar

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, maswali ya laptop huwa mengi, na karibu yote yanahusu zile zilizotumika Ulaya au Dubai zinazouzwa Kariakoo na Posta. Leo najibu matano.

Mwanangu anaanza uhasibu chuoni. Dukani kuna i7 na i5 kwa bei ileile. Si bora nichukue i7? (Mama, Tabata)

Mama yangu, i7 na i5 ni majina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na usiikimbilie hiyo 7. Tazama namba zinazofuata baada yake. i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ilitoka 2013 na ina viini viwili tu (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi). i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ilitoka 2017 na ina viini vinne. Chukua hiyo i5 bila kusita.

Kuna na suala la Windows. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukiondoa chache za kizazi cha saba. Wapo mafundi wanaoilazimisha kwenye mashine za zamani. Itawaka, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho, na mwanao ana miaka mitatu ya kusoma. Stika nayo isikutoshe, maana stika hubandikwa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika msinfo32, na jina kamili la prosesa litatokea.

Muuzaji anasema betri inakaa saa nne. Nitathibitishaje? (Kijana, Mbagala)

Chomoa chaja. Ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, cheza video, kisha endelea kukagua mengine huku ukiitupia jicho asilimia. Betri iliyochoka haishuki taratibu: utaiona 70, mara 40, mara mashine imezima.

Halafu fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Utaonyeshwa faili lilipohifadhiwa, lifungue. Tafuta mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni uwezo uliobaki. Ukikuta 50,000 juu na 22,000 chini, zaidi ya nusu imeshakwenda, na bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya mashine. Umeme wetu unavyokatika, hili si la kulifumbia macho. Muuzaji akikataa usiiguse, aga uende duka la jirani.

RAM ya GB 4 inatosha? (Mwalimu, Kigamboni)

Haitoshi, mwalimu. RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo mashine hutumia ikifanya kazi. Anzia 8, na uulize kama inaongezeka, kwani nyingine imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haibadilishwi. Diski, panapohifadhiwa mafaili, iwe SSD, ambayo ni ya haraka kuliko HDD, ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Kati ya SSD ya GB 256 na HDD ya GB 500, chagua SSD.

Nimeuziwa laptop nzuri, lakini nilipoifuta na kuiwasha upya ikataka barua pepe ya kampuni nisiyoijua. (Dada, Sinza)

Pole sana, dada. Mashine hiyo ilisajiliwa na kampuni, na bado haijaondolewa kwenye orodha yao. Kuifuta tena hakusaidii, kwa sababu ikipata intaneti tu inarudi kuuliza. Irudishe dukani ukiwa na risiti. Wengine wenye kununua, ombeni ifutwe na kuunganishwa intaneti mbele yenu kabla pesa haijatoka mkononi. Ingieni pia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F2, F10 au kitufe kingine kulingana na mashine inapowaka. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iacheni. MacBook nayo hakikisheni akaunti ya Apple ya mwenye nayo imeondolewa.

Jamaa ananiuzia mkononi, bei nusu, hana risiti. (Kaka, Ubungo)

Kaka, mimi nisingenunua. Mali ikiwa ya wizi na ikakutwa kwako, wewe ndiye utakayejieleza polisi, na jamaa hatapatikana. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muuzaji aandike pembeni namba ya utambulisho ya mashine (serial number) pamoja na muda wa garantii. Linganisha namba iliyo chini ya laptop na ile inayoonekana ndani ya BIOS. Zikitofautiana, muulize kwa nini, na usilipe hadi upate jibu linaloeleweka.