Mzimu wa D&D na kuzeeka

Je, mzimu (ghost) wa D&D, ule mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika, unamzeesha kila anayeuogopa? Hapana, hauzeeshi kila anayeogopa. Kwa Monster Manual (kitabu cha viumbe wa mchezo) ya 2014 ukiuona sura yake ya kutisha ndani ya futi 60 unarusha dadu ya kujikinga kwa hekima (Wisdom) kutafuta jumla ya 13 au zaidi, ukikosa unashikwa na woga dakika 1 basi, na kila mwisho wa zamu yako unajaribu tena. Miaka inakuja ukipungukiwa na 5 au zaidi, yaani jumla 8 kushuka, hapo inarushwa dadu ya pande 4 na namba yake inazidishwa kwa 10, unajikuta umeongeza miaka kati ya 10 na 40 (elf, kiumbe anayeishi karne nyingi, hata hashtuki, binadamu ndo anaumia). Kurudisha umri ni kwa uchawi wa greater restoration ndani ya saa 24, mkichelewa haifanyi kazi tena.