Anayesakwa na mzee wako sasa anakutumia wewe meseji? Usimjibu

Dadangu pole sana, yaani mzee wako ni mpelelezi hapo Nakuru anasaka mtu ameua watu watatu na sasa huyo jamaa anakutumia wewe meseji akitaja shule ya mtoto na rangi ya geti lenu, hio si mchezo. Kitu ya kwanza usimjibu, hata tusi usimtupie, hao watu hushiba hofu yako. Lakini usifute chochote! Piga skrinshoti, andika saa, alafu nenda stesheni wewe mwenyewe upewe OB namba (namba ya ripoti yako kwa kitabu cha polisi), usingoje mzee akwambie "nitashughulikia" (hawa wanaume wetu jamani). Kutisha mtu kwa simu ni kosa, iko kwa sheria ya mitandao ya 2018, na mabosi wa mzee lazima wajue ju akificha ndio jamaa anapata pa kumshikia.

Mtoto abadilishiwe njia, na mwalimu aambiwe asimpeane kwa mtu mwingine ila nyinyi wawili.

Na kujigamba kwa huyo muuaji kusikumalize. Kuna Dennis Rader wa Wichita, Marekani, aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991, akawa anaandikia polisi barua za madharau mpaka siku moja akawauliza kama diski ya kompyuta inaweza kumchoma, wakamjibu kwa tangazo la gazeti ati haina shida, na yeye akaamini akaituma, kumbe ndani kuna jina Dennis na jina la kanisa lake. 2005 akashikwa. Kwa hivyo hizo meseji zipeleke leo, kabla giza.