Mashine inarusha mbao: nianze na kifaa gani?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina mashine ya meza ya kupasulia mbao, bledi inchi 10. Juzi nikipasua ubao mgumu, ulinaswa ukarushwa, ukanipiga tumboni. Kinga ya juu na lile bapa la chuma la nyuma ya bledi niliviondoa zamani, vilikuwa vinanisumbua. Nina uwezo wa kununua kifaa kimoja tu: makucha ya kuzuia mbao isirudi, au ule ubao wa vidole wa kubania. Nianze na kipi?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kama tumbo bado linauma, nenda ukapimwe leo. Pigo la namna hiyo huweza kuumiza ndani bila kuacha alama nje.

Usinunue chochote kwanza. Rudisha lile bapa.

Meno ya mbele ya bledi hushuka, yakaikandamiza mbao mezani. Ya nyuma hupanda. Mbao yenye mkazo ndani yake, ikishapasuliwa, hujikunja na mwanya ukafumba, ikaibana bledi kwa nyuma. Wakati mwingine huachana kidogo tu na reli ya pembeni inayoiongoza, ikagusa yale meno yanayopanda. Hapo huinuliwa na kurushwa upande wako. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno zinakwenda kilomita 190 kwa saa. Hakuna mkono unaowahi. Bapa hukaa ndani ya mwanya, milimita 3 hadi 8 nyuma ya meno: mwanya haufumbi, mbao haiyaegemei meno. Makucha yenyewe husubiri mbao ianze kurudi ndipo yaing'ate, na yakiwa butu huteleza.

Sasa pima unene wa bapa. Liwe nene kuliko mwili wa bledi, lakini jembamba kuliko mwanya unaoachwa na meno. Ukifunga bledi nyembamba kuliko ile ya awali, bapa hukwama mwanyani na mbao hugoma kusonga. Nashuku ndicho kilichokusumbua. Tafuta bapa linaloendana na mashine yako na bledi uliyonayo. Fedha yako iende huko.

Ubao wa vidole jitengenezee. Chukua mbao ngumu yenye nyuzi zilizonyooka, kata ncha yake kwa pembe ya digrii 30, kisha ichane vidole vya unene wa milimita 3 hivi. Ufunge mezani uisukume mbao kwenye reli, na ukae kabla ya bledi. Ukiuweka ubavuni mwa bledi au nyuma yake, utaufumba mwanya na kuleta hatari ileile unayoikimbia.

Reli nayo ipime mbele na nyuma kutoka kwenye bledi. Ikielekea ndani kwa nyuma, inaibana mbao. Kwa vipande vyembamba tumia kisukumio chenye umbo la kiatu, kinachokandamiza huku kikisukuma. Fimbo nyembamba peke yake haizuii mbao kuinuka.

Na unapokata kwa kukingama, usiitumie reli kama kipimo cha urefu. Kipande kilichokatwa hubaki kimenaswa kati yake na bledi. Funga kibao kifupi kwenye reli, kiishie kabla ya bledi; mbao iguse hapo, kisha iachane nacho ndipo ikatwe. Simama upande wa pili wa bledi, mbali na reli, usiwe kwenye mstari wa kipande kitakachorushwa.