Mama asiyejua kuogelea na safari ya katamarani Fumba

Dada uliyeuliza kama mama yako asiyejua kuogelea aende, mpeleke bila wasiwasi. Kutojua kuogelea hakumzuii kufurahia safari ya katamarani Ghuba ya Menai, huko Fumba, Zanzibar. Chombo hicho kina matumbo mawili, hakilali upande kama mashua, kwa hiyo wazee hukaa kwa raha. Ila kabla hamjang'oa nanga hakikisha amevaa jaketi okozi linalomkaa sawasawa, na wajukuu wavae yanayolingana na miili yao. Hapo usione haya kabisa kusisitiza, hata nahodha akikuambia bahari shwari.

Uliza maji yatakupwa saa ngapi siku hiyo. Fungu la mchanga mnaloteremkia huonekana maji yakitoka, yakijaa, linazama. Maji kupwa ndiyo nafasi ya mama kuteremka, akae kwenye maji ya magotini. Avae viatu vya mpira.

Desemba hadi Februari ni kaskazi, na Fumba imekingwa kiasi na upepo huo. Masika msiende.

Asubuhi ale kidogo, mkate na ndizi zinatosha. Kama huwa anatapika safarini, dawa aimeze kabla ya kupanda. Watoto waogelee kwanza, ndipo wale chakula cha safarini, samaki wa kuchoma na pweza. Mama ana presha? Waambie wapishi mapema wapunguze chumvi.