Nani Sugu: Mwili, Dawa au Bakteria?

Msomaji wa Morogoro anauliza: lipi sahihi, "usugu wa dawa" au "usugu wa vimelea dhidi ya dawa"? La pili. La kwanza linaifanya dawa yenyewe iwe sugu, lakini limeshaenea na watu wanaelewana, basi naliacha lipite. Asili yake ni ile sugu ya ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Ndipo tukapata mhalifu sugu na deni sugu.

Nisiloliacha lipite ni hili linalosemwa kwenye maduka ya dawa na hata redioni: "Mwili wangu umezoea amoksilini." Haujazoea! Sentensi hiyo imekosea mtenda, ikakosea na kitenzi. Aliye sugu ni bakteria aliyemo mwilini. Anayedhani ni mwili wake hudhani pia kuwa mwanawe yu salama, kumbe bakteria huyo akimhamia mtoto, humhamia pamoja na usugu wake wote.

Kitenzi ndicho kinachonikera zaidi. Anayezoea amekutana na jambo mara nyingi hadi likawa la kawaida kwake. Bakteria anaweza kuwa sugu kwa dawa asiyowahi kukutana nayo. Wapo ambao jeni zao hubadilika wanapogawanyika, lakini wengi hupewa na jirani: wawili hugusana, plasmidi, yaani kipete cha DNA kilicho nje ya kromosomu, hunakiliwa, na nakala ikavuka. Ikiwa imebeba jeni ya kimeng'enya kinachovunja penisilini, aliyepokea naye ataivunja. Wala hawahitaji kuwa wa aina moja. Mwaka 1959 watafiti wa Japani, Ochiai na Akiba, walionyesha kuwa bakteria wa kuhara damu, Shigella, na bakteria wa kawaida wa utumbo, E. koli, wakichanganywa, usugu huvuka kati yao. Na usugu huo ulikuwa dhidi ya sulfonamidi, streptomisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini kwa mpigo. Nani hapo amezoea nini? Kiswahili kina kupokea, kupokezana, kugawiana, kurithishana. Semeni "bakteria wamepokezana usugu", na mtu wa kawaida ataelewa kwa nini dawa nne hushindwa siku moja.

Kuzoea kuna mahali pake. Mgonjwa anayetumia mofini, dawa kali ya maumivu, kwa muda mrefu huhitaji dozi kubwa zaidi ili apate nafuu ileile. Huyo mwili wake umezoea kweli, na akisema hivyo sina ugomvi naye.