Je, saa nilizofanya kazi wakati wa korona zinahesabiwa kuwa mafunzo ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi aliyethibitishwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Novemba 2020 niliajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Marekani nikiwa msaidizi wa muuguzi wa muda. Nilisoma kozi ya saa 8 kwenye intaneti, nikapewa cheti, na wiki ileile nikaanza kazi. Niliacha Agosti 2022 nilipokaribia kujifungua, kabla sijafanya mtihani wa jimbo. Sasa nataka kurudi, lakini kila ninakoomba kazi naambiwa jina langu halimo kwenye rejista ya jimbo ya wasaidizi wa wauguzi. Je, ile karibu miaka miwili imepotea bure? Nianze darasa kama mtu ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na lile linalouma. Kazi uliyofanya ilikuwa halali, lakini haikukupa usajili, na njia ya muda uliyoingilia ilifungwa kabisa tarehe 10 Septemba 2023. Linalobaki ni kama jimbo lako litakubali kuhesabu baadhi ya saa zako kuwa mafunzo, na uamuzi huo utategemea karatasi ulizo nazo kuliko utakavyotegemea ushahidi wa wenzako wa zamu, hata kama wote wako tayari kukutetea.

Katika hali ya kawaida, nyumba ya wazee inayolipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu ya wazee na watu wa kipato kidogo, hairuhusiwi kumtumia msaidizi wa muuguzi kwa zaidi ya miezi minne ya kazi ya kutwa ikiwa hajamaliza mafunzo yaliyoidhinishwa na jimbo na kufaulu mtihani. Sheria ya shirikisho, iliyotokana na mageuzi ya mwaka 1987, inadai mafunzo yasiyopungua saa 75, yakiwemo saa 16 za vitendo chini ya usimamizi. Na kabla mwanafunzi hajamgusa mkazi yeyote, lazima awe amefundishwa kwa saa 16 mambo kama kuzuia maambukizi, usalama na dharura, mawasiliano, na haki za mkazi. Majimbo yanaweza kuongeza: Texas inadai saa 100 na California 160.

Machi 2020, wagonjwa walipozidi huku wafanyakazi wakiugua na madarasa yakifungwa, CMS, yaani idara ya shirikisho inayosimamia Medicare na Medicaid, ilisitisha kwa muda masharti hayo ya mafunzo na usajili. Ndipo ilipoenea kozi yako ya saa 8. Hata hivyo, sharti moja halikuguswa: mwajiri aliendelea kuwajibika kuhakikisha kwamba msaidizi anaziweza kweli kazi anazopewa. Aprili 2021 CMS iliyaeleza majimbo kwamba yanaweza kuhesabu sehemu ya muda wa kazi kuelekea zile saa 75, mradi maeneo yote ya mtaala yawe yamefundishwa na mapengo yazibwe kwa masomo ya ziada, na kwamba mtihani ulibaki palepale kwa kila mtu. Usitisho huo wa jumla ulikoma Juni 2022. Majimbo na nyumba zilizokosa nafasi za madarasa na mitihani zikaweza kuomba nyongeza. Kisha nyongeza zote zikafa pamoja na dharura ya afya ya umma ya korona tarehe 11 Mei 2023, na waliokuwa bado kazini wakapewa miezi minne ya mwisho. Ndiyo maana nilitaja Septemba 10.

Hukutaja jimbo unaloishi, na hapo ndipo jibu langu linapogawanyika, kwa sababu CMS haikuyalazimisha majimbo kuhesabu saa hizo, iliyaruhusu tu. Waandikie wasimamizi wa rejista ya jimbo lako, usiwapigie simu tu, uwaulize mambo mawili: kama jimbo lilikuwa na utaratibu wa kuhesabu saa za wasaidizi wa muda, na kama bado linapokea maombi ya mtu aliyeacha kazi mwaka 2022. Wakikubali, watataka barua kutoka kwa mwajiri wako wa zamani ikionyesha tarehe, stadi ulizofundishwa moja baada ya nyingine, na saini ya muuguzi aliyekusimamia. Wengi huwapelekea fomu ya W-2. Fomu hiyo inathibitisha kwamba ulilipwa. Haithibitishi kwamba ulifundishwa. Ikiwa nyumba hiyo imeuzwa, jambo la kawaida sana katika biashara hii, waulize wamiliki wapya kuhusu kumbukumbu za mafunzo kwa kutaja jina la zamani la nyumba.

Pengine umesikia pia kuhusu kanuni ya miezi 24, inayosema kwamba asiyefanya kazi ya uuguzi yenye malipo kwa muda huo mfululizo lazima afunzwe au apimwe upya. Kanuni hiyo inawahusu waliokwisha kusajiliwa, kwa hiyo haikufungi wewe moja kwa moja. Lakini inaonyesha jinsi wasimamizi wanavyoziona stadi zilizokaa bila kutumika, na kwa maoni yangu usijenge matumaini makubwa juu ya saa za mwaka 2021. Jimbo likikataa, ingia darasani bila kinyongo. Saa 75 ni pungufu ya siku 10 za saa nane nane.

Mtihani ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwa mtu kama wewe. Una sehemu mbili: maswali, ambayo unaweza kuomba kuyafanya kwa kusikiliza badala ya kusoma, na stadi za vitendo mbele ya muuguzi mtahini. Katika mtihani wa NNAAP, unaotumiwa na majimbo mengi, unapewa stadi tano, na kunawa mikono lazima iwemo. Kila stadi ina hatua zake, na baadhi ni za lazima kiasi kwamba ukiruka moja umeanguka stadi nzima, hata kama mengine yote umeyafanya vizuri. Nilikuwa na mwanafunzi aliyefanya kazi mwaka mzima kwenye ghorofa ya wagonjwa wa korona. Katika jaribio la darasani alimfunga mwenzake mkanda wa kumhamishia, akamweleza anachokwenda kufanya, akamtoa kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwa ustadi ambao wengine hawakuwa nao. Lakini breki za kiti hakuzifunga. Alikizuia kwa mguu wake. Nilipomuuliza, akasema kule kazini breki za viti zilikuwa mbovu, wakazoea hivyo. Kazi ya dharura ilikufundisha kuwahi. Mtahini anataka mpangilio, tena uonekane. Mapigo ya moyo uyahesabu dakika nzima, si sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Kengele ya kuitia uiweke mkononi pa mgonjwa kabla hujageuka kuondoka. Ukianguka, sheria inakupa nafasi zisizopungua tatu, na lazima uelezwe ulipokosea.

Ule mlango wa kufanya kazi hadi miezi minne kabla ya kusajiliwa bado upo, ila ni kwa anayeajiriwa huku akiwa tayari kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Mfanyakazi wa muda anayeletwa na wakala wa ajira hawezi kuutumia. Ukihitaji kipato mara moja, makazi ya wazee wanaojimudu kiasi hayamo chini ya kanuni hizi za shirikisho, bali kila jimbo lina masharti yake, na baadhi huajiri watu wasio na CNA.

Kuhusu ada, usilipe chochote kabla ya kusoma hapa. Ukiwa umeajiriwa na nyumba ya wazee, au umeahidiwa kazi hapo, siku mafunzo yanapoanza, hawaruhusiwi kukutoza ada ya mafunzo, vitabu wala mtihani. Ukijilipia mwenyewe kisha nyumba ikakuajiri ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linapaswa kuweka utaratibu wa kukurudishia fedha kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi, tunza risiti. Kwa hiyo tafuta ahadi ya kazi kwanza, uipate kwa maandishi, na uangalie kwamba tarehe yake haiji baada ya darasa kuanza, yaani imeandikwa kabla ya siku ya kwanza ya masomo au siku hiyohiyo.