Jibu: Jekipoti ikivimba sana, iko karibu kutoka?

Mkuu, umeuliza kama kweli kuna watu wanashinda mabilioni kwenye sloti za mtandaoni (michezo ya kamari ya kuzungusha), na kama jekipoti, yaani ile zawadi kubwa inayokua kadiri watu wanavyocheza, ikishavimba sana ndiyo iko karibu kutoka, uingize laki tatu za mzigo wa duka lako Tandika.

Kushinda, wapo. Oktoba 2015 askari mmoja Mwingereza alizungusha sloti ya Mega Moolah kwa dau la peni 25 akachukua zaidi ya pauni milioni 13. Mwaka 2013 Mfini mmoja alipata zaidi ya yuro milioni 17 kwenye sloti ya Mega Fortune, naye kwa senti 25.

Ila hilo la pili, ndugu yangu, hapana. Dau la kila mchezaji, awe nchi gani, linamegwa kidogo na kuingia kwenye chungu kimoja. Kikivimba, maana yake watu wengi wameshaliwa tangu kitoke mara ya mwisho, basi. Kila mzunguko namba zinachaguliwa upya kwa nasibu, na mashine haikumbuki uliopita. Zipo jekipoti ambazo lazima zitoke kabla ya kiwango fulani, lakini hizo huandikwa wazi.

Mdogo wangu alikuwa na hesabu kama yako. Kodi ya miezi mitatu ya chumba chake Mbagala iliisha usiku mmoja, mama ndiye akailipa. Bado inaniuma.

Ukitaka kujaribu kwa mia tano, angalia kwanza kama kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hiyo laki tatu nenda nayo Kariakoo, mkuu.